Ukishawahi YouTube, usiniulize habari za Venice

Kazi yangu ni kuhariri filamu hapa Mbeya na kuziandalia maombi ya matamasha ya filamu. Vijana wanaingia na fleshi mkononi, wimbo ni ule ule: "Kaka, filamu yangu imeangaliwa sana YouTube, tamasha gani litaikataa?"

Mengi tu, tena yale yale unayoyaota. Venice, tamasha kongwe la Italia lililoanza 1932, linataka filamu ya mashindano iwe haijaonyeshwa popote duniani. Kanuni za Cannes, tamasha la Ufaransa, zinakataa iliyokwishatoka intaneti, hata ikiwa fupi. Si maringo. Waandishi na wanunuzi wa filamu wanapanda ndege kwenda kuona kitu kabla ya wengine. Ulichokwishamwagia kila mwenye bando wakifuate cha nini?

"Basi naifuta." Fomu inauliza ilionyeshwa wapi na lini, na jina linalowekwa pale chini ni lako. Yapo matamasha yasiyojali, hasa madogo. Sawa, ila uyachague mwenyewe, usiyaangukie kwa sababu ulishindwa kuvumilia. Ipakie kwa nenosiri, kiungo wape waandaaji peke yao, subiri majibu. YouTube haihami. Waigizaji wakitaka kuiona, walete ofisini kwangu, viti vya plastiki vipo.

Wengine wanaamini Kiswahili hakivuki mpaka. Filamu yetu ya Vuta N'kuvute ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto 2021 kwa Kiswahili. Kinachotuangusha ni tafsiri ya maandishi ya chini ya picha iliyopikwa usiku mmoja na programu ya simu, mzee anatoa laana kwa Kinyakyusa, chini inasomeka kama tangazo la sabuni. Mlipe mtu anayezijua lugha zote mbili.

Kamera? Filamu ya Tangerine ilipigwa kwa iPhone na ikaingia tamasha la Sundance la Marekani 2015. Nyie mnaokodi kamera ya bei mbaya halafu mnarekodi maongezi chini ya bati mvua ya Machi ikinyesha, hizo hela zingekuwa za maiki.

Halafu hili la kushangilia ushindi kwa sababu filamu "imechaguliwa". Wanaochagua filamu ni watu wengine, majaji wa tuzo ni wengine, na filamu nyingi huonyeshwa nje ya mashindano kabisa. Hata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, haiji na fedha, kwa hiyo usikope ukitegemea zawadi.

Na ile barua pepe ya tamasha usilolijua, linalokutangaza mshindi kisha linakudai ulipie kikombe chako mwenyewe: futa.