Mashine ikishachonga mlango, fundi wa Lamu anabaki na nini?

Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC tu, si ngeni duniani. Mwaka 1952 chuo cha MIT huko Marekani kilionesha mashine ya kukata chuma iliyosoma maagizo yake kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kigeni ni kwamba sasa hata karakana ya watu watatu inaweza kufikiria kuinunua. Seremala wa Lamu ana haki ya kuuliza atakula wapi.

Jibu linategemea unahesabu nini. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walikadiria kuwa asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine. Mwaka 2016 utafiti uliofanywa kwa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ukapata asilimia 9 kwa nchi hiyo hiyo. Wa kwanza walihesabu kazi nzima nzima. Wa pili walizivunja vipande, wakaona mashine kwa kawaida humega, haizoi zote. Kwa fundi, hesabu ya pili ndiyo yenye faida.

Basi tuuvunje mlango wa nakshi. Kuna kuchagua mbao, kukausha, kupiga randa, kuchora, kuchimba, kumalizia kona, kupiga msasa, kuunga miimo na kizingiti na mfaa (ule ubao wa wima wa katikati ya mlango), kutia mafuta, kisha kuupeleka na kuusimamisha ukutani. Katika hivyo vipande kumi, CNC inakamata hasa kimoja: kuchimba.

Na hapo napo ina kasoro zake. Kisu chake huzunguka, kwa hiyo kisu bapa cha milimita 6 hakitoi kona kali ya ndani. Huacha mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3. Tazama ncha za majani kwenye nakshi iliyotoka mashineni bila kuguswa: zimekuwa butu, kama sabuni iliyotumika. Lazima patasi irudi. Ubao nao ukiwa umepinda milimita 2, nakshi ya kina cha milimita 5 itakuwa 5 upande mmoja na 3 upande wa pili, maana mashine inafuata umbali ilioambiwa, haitazami mbao. Ikifika penye fundo, mkono wa fundi ungesikia na kugeuza patasi. Yenyewe inapita tu, na nyuzi zinang'oka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi za bei nafuu husahau zilipofika. Kabla ya kuanza, toboa tundu dogo la alama kwenye kona ya ubao, sehemu itakayokatwa baadaye, ili uweze kuirudisha kwenye sifuri ile ile, yaani pale inapoanzia kupima. Ukikisia, mistari mipya itapita kando ya ile ya kwanza na ubao wa mbambakofi utakuwa kuni. Reli zifutwe na kutiwa mafuta mara kwa mara, kwani upepo wa bahari una chumvi.

Kelele na vumbi ndivyo vinavyobadilisha maisha zaidi. Kisu kikikata, sauti hupita desibeli 85 kwa urahisi, na kushinda katika kelele hiyo kila siku huharibu masikio. Vumbi la mbao limo katika orodha ya visababishi vya saratani ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 1995. La mvule, juu ya hayo, huwasha ngozi na kubana kifua. Kwa hiyo mashine inataka chumba chake, feni ya kufyonza vumbi, barakoa na vifuniko vya masikio. Sasa mfikirie fundi aliyezoea kuchonga mlango wazi, kichochoroni, akiitikia salamu za wapita njia, mtu kakaa barazani, habari zinapita na oda zinapatikana papo hapo. Chumbani atatoa milango mingi zaidi, na hatasikia hodi.

Mwanauchumi Keynes aliandika mwaka 1930 kwamba baada ya miaka 100 huenda watu wakafanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Mwambie hivyo aliyenunua mashine kwa mkopo! Na hata hiyo nafasi ya kupumzika si lazima ilete raha. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, Austria, kilipofungwa wakati wa mdororo wa uchumi, watafiti waliwakuta watu wenye muda tele wakiazima vitabu vichache zaidi maktaba, na wanaume wakijikokota mtaani.

Hasara tunayoiogopa zaidi ni ya mwanagenzi. Kuchimba ndiko kazi anayopewa kwanza, na ndiko mkono wake hujifunza nyuzi za mbao. Mashine ikiichukua yote, baada ya miaka michache hapatakuwa na wa kumalizia zile kona. Ipange iache milimita 1 juu ya kina kinachotakiwa, mwanagenzi aishushe kwa patasi. Mfaa, unaoonekana kwanza na kila mgeni, uchongwe wote kwa mkono.

Kabla ya kukopa, andika kwa majuma mawili saa zinazokwenda kwenye kila kipande. Tuseme mlango huchukua saa 60, na kuchimba ni 20. Hata mashine ya kasi ya radi haitakuokolea zaidi ya theluthi, na humo utoe saa za kuchora kwenye kompyuta na kukaza ubao mezani.

Lipo pia suala la faili. Nakshi ikishaingia kwenye flashi, mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuichonga Nairobi kesho. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na usajili wa awali uko chini ya serikali za kaunti. Peleka michoro, picha na maelezo ya asili ya nakshi. Mteja akilipia mlango, mkabidhi mlango. Faili libaki karakana.