Sipiyu siyo kasha

Juzi jirani yangu hapa Isevya, Tabora, aliingia barazani, akalikuta kasha la kompyuta la mbao ya mninga nililokuwa nimemaliza kulipiga vanishi. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo, akafurahi kweli. "Kaka, kumbe hata sipiyu unaweza kuiunda ya mbao!"

Ni mtu mzima, amesoma, na kila siku anaandika barua zake mwenyewe kwenye kompyuta. Alikuwa wa tatu kunipongeza kwa maneno hayohayo ndani ya wiki moja. Nilishukuru, nikamkaribisha chai, na alipoondoka nikaona bora niandike.

Sipiyu ni herufi tatu za Kiingereza, C, P na U, kwa maana ya kitengo kikuu cha uchakataji. Mafundi wengi wanaiita prosesa. Ni kipande kidogo kinachosoma amri za programu na kuzitekeleza: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Iliyomo kwenye mashine yangu ina milimita 37.5 kila upande, ukiiweka kiganjani inakaa na nafasi inabaki. Lile boksi unaloliweka chini ya meza, lenye kitufe cha kuwashia, ni kasha tu. Maana ndiyo hiyo.

Lakini jina lilihamaje kutoka kwenye kile kipande hadi kwenye boksi? Zamani kosa hili lisingekuwa kosa. ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu (swichi za umeme zenye umbo la taa za kioo) zaidi ya 17,000 na uzito wa tani kama 27, ikajaza chumba. Hata katika miaka ya 1960 sehemu ya uchakataji ya kompyuta kubwa ilikuwa kabati zima, na aliyenyoosha kidole kwenye kabati akasema "hii ndiyo sipiyu" alikuwa sahihi. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ikatoa 4004, prosesa nzima yenye transista (swichi ndogo sana za umeme) 2,300 juu ya kipande cha silikoni kinachotosha juu ya ukucha. Kitu chenyewe kikawa kimeondoka kabatini. Jina likabaki mlangoni. Nasi tulipofika darasani tukachorewa picha ya monita, kibodi, mausi, na boksi lenye mshale ulioandikwa CPU. Tukanakili hivyo, tukafaulu mtihani hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno la lile boksi tunalo, tena zuri, tena la miaka mingi. Kasha. Wareno walifika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15, wakatuachia meza, bendera, leso, mvinyo, na caixa yao ambayo kinywani mwetu ikawa kasha. Bibi harusi wa pwani aliwekewa vitu vyake vya thamani kwenye kasha. Caixa nayo imetoka kwenye Kilatini, capsa, kitu cha kutunzia kitu kingine ndani yake. Sasa angalia: neno la Kiingereza "case", ambalo mafundi wetu wanalitamka keisi wakidhani wanasema jambo la kisasa, limetoka kwenye capsa hiyohiyo, ila lenyewe lilipitia Ufaransa. Hata kapsuli unayomeza kwa maji ni capsa ndogo. Kasha na keisi ni watoto wa baba mmoja, na aliyefika kwetu kwanza ni kasha.

Wengine wanasema "kesi ya kompyuta". Hapo naomba tusimame kidogo. Kesi ya mahakamani ni neno jingine kabisa. Kiingereza kinaliandika kwa herufi zilezile, lakini mzizi wake ni Kilatini cha kuanguka, jambo lililomwangukia mtu, wala halina undugu na boksi. Kiswahili kilikwisha kuyatenga: kesi iko kwa hakimu, kasha liko nyumbani. Kwa nini tuyachanganye upya?

Najua kuna atakayesema ni maneno tu, mradi tunaelewana. Shida ni kwamba hatuelewani. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alipeleka kompyuta yake kwa fundi baada ya kukataa kuwaka. Akaambiwa: "Sipiyu imeungua, mama. Nunua nyingine." Akatoa akiba yake, akanunua mashine nzima ya mtumba. Ile ya kwanza akaniletea mimi. "Shikamoo mwalimu," nikampokea, naye akaniambia nichukue skrubu zinifae, yaliyobaki nitupe.

Nilianza na pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Nikachomoa plagi yake kubwa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba sipiyu na vipuri vingine, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, nikawasha umeme wa ukutani. Pawa saplai nzima ukiifanyia hivyo, feni yake huzunguka. Hii haikutikisika. Nilipoifungua baadaye nikakuta kapasita mbili, vile vipuri vinavyotunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. (Usiifungue kama hujafundishwa, maana hushika umeme hata ikiwa imechomolewa.) Nikafunga pawa saplai niliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi, ikawaka. Sipiyu ilikuwa nzima kabisa, haijawahi kuungua hata dakika moja.

Simshutumu yule fundi kwa wizi. Nadhani naye alimaanisha boksi zima, kwamba kitu fulani humo ndani kimekufa. Mwalimu alisikia boksi, fundi alisema boksi, na neno moja likawafunika wote wawili hata pasiwe na nafasi ya kuuliza: ndani ya boksi, kipi? Hilo swali lingeokoa akiba ya mtu. Na ni neno hilohilo linalomfanya kijana aniambie laptopu haina sipiyu, kwa sababu haoni boksi. Inayo. Hata simu aliyoishika wakati ananiambia inayo.

Basi vyuma vya mwalimu, kwa ridhaa yake, ndivyo vilivyoingia kwenye mninga. Bati la kasha la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, na mimi nilikuwa na milango miwili ya kabati la nyumbani ambalo mgongo wake wa plaiwudi ulioza. Mninga ukishakauka haupindi ovyo, ndiyo maana nikauchagua, ingawa vumbi lake linawasha pua na kifua, kwa hiyo nilikata nikiwa nimefunga kitambaa. Ukiunda kasha kwa mkono wako ndipo unaelewa kazi yake. Linashika vitu visigusane, linapitisha hewa, na likiwa la chuma linaunganisha mazabodi na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) na kupunguza mawimbi yanayosumbua redio. Mbao haiwezi hilo la mwisho. Kwa hiyo nilikata kwa msumeno wa chuma lile bamba la ndani la kasha la zamani, nikaliweka nyuma ya mazabodi, nikalifunga kwa waya hadi kwenye mwili wa pawa saplai. Mazabodi yenyewe ni ya milimita 244 kwa 244, nayo inakaa juu ya stendi zake za shaba, haigusi bamba. Nyuma nikatoboa tundu la feni ya milimita 120 ya kutoa hewa ya moto, na mbele chini nikaacha mwanya niliouziba kwa wavu wa mbu, kwani vumbi la Tabora la mwezi wa 8 halina huruma. Kitufe cha kuwashia ni cha kengele ya mlango, nyaya mbili tu.

Nilipowasha, kompyuta haikujua kwamba imehama nyumba. Nimebadilisha kila ubavu, juu, chini na mbele, na sipiyu ni ileile.

Kwetu huku watu wanaijua mizinga. Mzinga unaweza kuwa wa gogo, wa gome au wa mbao, na unaweza kuwahamisha nyuki kutoka huu kwenda ule. Sijamsikia mrina asali akiuita mzinga malkia.

Jirani yangu alirudi jana jioni, nikamweleza haya kwa kifupi. Hakukasirika. Akauliza, "Sasa nikienda dukani niseme nini?" Nikamwambia: ukitaka boksi, sema kasha. Ukitaka mashine yote, sema kompyuta. Na ikikataa kuwaka, wala usitaje sipiyu, sema tu haiwaki, kisha mwombe fundi aifungue ukiwa umekaa hapohapo, akuonyeshe kwa kidole kilichokufa.