MySQL ya mbali: yanayodhaniwa na yalivyo

"Ping inajibu, kwa hiyo hifadhidata inafikika."

Ping huuliza tu kama mashine iko hai mtandaoni. Haigusi poti 3306, yaani mlango wa mtandao ambako MySQL, programu ya hifadhidata, husikiliza. Zipo seva zinazojibu ping huku poti hiyo imefungwa, na zipo zisizojibu ping kabisa ilhali hifadhidata inafanya kazi barabara. Bisha hodi kwenye poti yenyewe, tena kutoka kwenye kompyuta itakayotumika:

`nc -zv 203.0.113.20 3306`

Ukipima ukiwa ndani ya seva, `mysql -h localhost` haithibitishi chochote kuhusu mteja wa mbali. Kwenye Linux neno localhost (mashine yenyewe) hupitia faili la soketi la ndani ya seva, si TCP, njia ya mtandao anayoitumia mteja wa mbali. Andika anwani ya IP ya seva.

"Imegoma kuunganisha, basi nenosiri limekosewa."

Dhana hii ndiyo inayopoteza saa nyingi kuliko zote. Watu hubadilisha nenosiri mara tano wakati seva haijaliangalia hata mara moja. Soma namba ya kosa, kwa sababu kila namba inakuambia umefika wapi.

Kosa 2003 lenye (110) mwishoni maana yake umesubiri hadi muda ukaisha bila jibu. Mara nyingi fayawoli (ukuta wa kinga wa mtandao) imezimeza pakiti zako, ama ya seva yenyewe, ama ile ya kwenye akaunti ya wingu ambayo wengi huisahau. Likiwa na (111), mashine umeifikia lakini hakuna anayesikiliza hapo: ama MySQL imezimwa, ama imefungwa kwenye 127.0.0.1, anwani ya ndani ya mashine yenyewe. Hakikisha kwa `sudo ss -ltnp | grep 3306`. Ukiona 127.0.0.1:3306, tafuta mstari wa `bind-address`, unaotaja anwani ambayo MySQL inasikilizia. Kwenye Ubuntu uko ndani ya `/etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`. Weka anwani ya seva, kisha uwashe huduma upya.

Kosa 1130 linasema seva umeifikia, ila hakuna akaunti hata moja inayokubali anwani unakotoka. Ni kwenye 1045 tu ndipo jina na nenosiri vinapohusika, na ujumbe wake unakuonyesha anwani ambayo seva inaiona. Ukipata 1044 au 1142, seva inakutambua; kinachokosekana ni ruhusa ya hifadhidata au ya jedwali.

"Jina la mtumiaji ndilo akaunti."

Akaunti ya MySQL ni jina pamoja na anwani. `'duka'@'localhost'` na `'duka'@'%'` (alama % ni anwani yoyote) ni akaunti mbili, kila moja na nenosiri lake na ruhusa zake, na seva huchagua yenye anwani mahususi zaidi. Ndiyo maana unaweza kutoa ruhusa, ukaiona imekubaliwa, na mtumiaji akaendelea kukataliwa. Akiweza kuingia, aendeshe `SELECT USER(), CURRENT_USER();`. Ya kwanza ni alivyojitambulisha, ya pili ni akaunti iliyompokea. Anayetumia bando la simu ataona pia anwani yake ikibadilika, kwa hiyo akaunti iliyofungwa kwenye IP moja itamkataa kesho.

"Toa GRANT ALL ON \*.\* sasa, tutapunguza baadaye."

Hiyo baadaye haifiki. GRANT ni amri ya kutoa ruhusa, na ruhusa hiyo inafungua hifadhidata zote, ikiwemo ile ya `mysql` inayotunza akaunti zenyewe, na inaongeza FILE, yaani kusoma na kuandika mafaili ya seva. Programu ya kawaida ya duka inahitaji vitendo vinne:

`CREATE USER 'duka'@'198.51.100.7' IDENTIFIED BY 'nenosiri_refu' REQUIRE SSL;`

``GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON `duka\_kuu`.* TO 'duka'@'198.51.100.7';``

Mkwaju ule wa kabla ya mstari wa chini una kazi. Kwa mipangilio ya kawaida, `_` ndani ya jina la hifadhidata kwenye GRANT husimama badala ya herufi yoyote, hivyo bila mkwaju umegawa pia `dukaXkuu`. Na mafunzo ya zamani yanayotia IDENTIFIED BY ndani ya GRANT yatakupa kosa la sintaksia, kwani MySQL 8.0 iliondoa njia hiyo.

"Lazima ufuate na FLUSH PRIVILEGES."

Hapana. Amri hiyo huilazimisha seva kusoma ruhusa upya, na inahitajika tu ukihariri majedwali ya ruhusa moja kwa moja kwa INSERT, UPDATE au DELETE.

"Kufanya kazi nyumbani kunadai 3306 iwe wazi kwa dunia nzima."

Iache imefungwa, upite ndani ya SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva; hapa poti 3307 ya kompyuta yako inapelekwa hadi 3306 ya seva:

`ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 jina@203.0.113.20`

Kwenye dirisha jingine andika `mysql -h 127.0.0.1 -P 3307 -u duka -p`. Seva itakuona kama uliye ndani yake, kwa hiyo akaunti inayohitajika ni ya localhost.

"Nimemfuta, ameshatoka."

DROP USER, amri ya kufuta akaunti, haikati kikao kilicho wazi; aliyemo anaendelea mpaka aondoke mwenyewe. REVOKE, amri ya kuondoa ruhusa, nayo ina ngazi: ruhusa za jedwali hubadilika kwenye ombi linalofuata, za hifadhidata mpaka aandike USE tena, na za seva nzima mpaka aunganishe upya. Mfanyakazi akiondoka kazini, futa akaunti kwanza, kisha endesha `SHOW PROCESSLIST;`, chukua namba ya kila kikao chake, na umalize kwa `KILL` na namba hiyo.