Sanaa kama Njia ya Kufundishia Watoto wa Awali na wa Msingi

Wazazi wengi wanapoelezwa kwamba shule fulani hufundisha kwa sanaa, hudhani kuna kipindi cha kuchora na kingine cha muziki vilivyobandikwa mwishoni mwa ratiba, hesabu na kusoma vikiwa vimekwisha kupewa nafasi yake. Katika programu zinazomlea mtoto kwa ukamilifu wake, yaani akili, hisia, mwili na namna anavyoishi na wenzake, sanaa haingoji zamu, kwa kuwa hesabu na kusoma vyenyewe humfikia mtoto kwa kupitia humo.

Mfano unaofahamika zaidi ni shule za Waldorf. Ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, chini ya uongozi wa mwanafalsafa Rudolf Steiner, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Katika chekechea za mfumo huu mtoto hafundishwi kusoma rasmi mpaka afikie umri wa miaka 7 hivi. Siku yake hujaa ngano, nyimbo, michezo ya kujibunia na kazi za mikono kama kukanda unga. Akiingia darasa la kwanza, asubuhi huanza na somo kuu linalochukua takriban saa 2, na mada moja hufuatwa kwa wiki 3 au 4 kabla ya kuhamia nyingine. Herufi nazo hutolewa katika hadithi: mwalimu akisha kusimulia habari za mlima wenye vilele viwili, watoto huuchora, na M huonekana humo humo kabla haijaandikwa peke yake.

Darasa hilo hilo hujifunza kufuma kwa sindano mbili na uzi wa sufu, jambo ambalo wageni hulitazama kama mapumziko. Mtoto aliyeanza mstari na vitanzi 20 akaumaliza na 19 hahitaji kuwekewa alama nyekundu, kwani kitambaa chenyewe huanza kupungua upana, naye hulazimika kurudi nyuma, akihesabu kitanzi kimoja kimoja, mpaka akione kilichoponyoka. Hapo amehesabu, amevumilia na amejisahihisha, huku vidole vyake vikipata wepesi atakaouhitaji katika kuandika.

Huko Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, njia ilikuwa nyingine. Wazazi wa eneo hilo walianza kujijengea shule za watoto wadogo mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwalimu Loris Malaguzzi akaungana nao, na mwaka 1963 manispaa ikafungua shule yake ya kwanza ya awali. Shule hizo zilitenga karakana ya sanaa na kumweka humo mtu mwenye ujuzi wa sanaa, anayefanya kazi bega kwa bega na walimu. Mchoro wa mtoto huhifadhiwa na kujadiliwa kama maelezo ya anavyofikiri, na mradi unaofuata huweza kuanzia hapo.

Mzazi asiiamini sifa bila kuuliza. Falsafa ya kiroho ya Steiner, iitwayo anthroposofia, imekosolewa kwa haki, hasa maandishi yake kuhusu mbari, yaani makundi ya watu kwa rangi na asili, na shule inapaswa kueleza bayana inachukua nini humo na inaacha nini. Vilevile, kuchelewesha kusoma kunaweza kuficha tatizo la mtoto anayehitaji msaada mapema, kwa hiyo iulizwe ni nani anayefuatilia usikivu, uoni na matamshi yake katika miaka hiyo.

Ukutani, tazama kazi za watoto. Ikiwa darasa zima limepaka rangi kipepeo yule yule aliyechapishwa na mashine, kilichofundishwa ni kutovuka mstari. Uliza pia kama walimu wenyewe huimba, hufuma na kuchora katika mafunzo yao, kwa maana mtaala wa aina hii haufundishiki na mtu aliyeusoma tu kwenye karatasi.