Kujitolea kwa mbali si kujitolea kidogo

Juzi nimemsikia tena mtu akisema, "Mimi nawasaidia wanyama kwa mbali tu." Hilo "tu" ndilo limenifanya niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Kujitolea kwa mbali ni kukifanyia kikundi cha kuokoa wanyama kazi isiyo na malipo, kwa simu au kompyuta, bila kufika walipo wanyama.

Kinachopotosha ni hayo maneno "kwa mbali". Tunayatumia pia kwa jambo hafifu: harufu inasikika kwa mbali, mtoto anafanana na babu yake kwa mbali. Basi wengi wamelibeba neno na uhafifu wake. Mtu anasambaza picha ya mbwa aliyevunjika mguu, anaandika "jamani msaidieni", anaendelea na shughuli zake, halafu anasema amejitolea kwa mbali. Lakini "kwa mbali" hapa inataja mahali ulipokaa. Kazi haiipimi.

Kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans, Marekani, Agosti 2005, wanyama wengi mno walipotezana na wenyewe, na wengine wakapelekwa hadi majimbo ya mbali. Kuna watu ambao hawakuyaona mafuriko yale kwa macho, lakini walikaa kwenye kompyuta wakilinganisha matangazo ya waliopotea na picha za waliookolewa. Hebu ifikirie kazi hiyo. Tangazo linasema jike, kahawia, doa jeupe mguu wa nyuma wa kushoto. Picha imepigwa kwa mbele, mguu hauonekani. Unapiga simu kituoni, unaomba wapige nyingine, unasubiri, doa halipo, unaanza upya. Au chukua namba ya chipu, kile kifaa kidogo anachowekewa mnyama chini ya ngozi ili mwenyewe atambulike, ambayo kwa kiwango cha kimataifa ina tarakimu 15: ukizigeuza mbili tu wakati wa kunakili, mwenye mbwa hapatikani.

Kitenzi nacho kisikilizwe. Kutoa, kutolea, kujitolea: unaitoa nafsi yako kwa ajili ya mwingine. Ondoa hiyo "le" ya katikati, unabaki na kujitoa, ambako mara nyingi ni kuondoka kwenye jambo, kama timu inavyojitoa mashindanoni. Vikundi vya uokoaji vinaijua vizuri tofauti hii. Mtu anapokea zamu ya kujibu ujumbe usiku, siku ya tatu hayupo na hakuaga, na ujumbe wa aliyeona paka amenasa kwenye bomba unakaa hadi asubuhi bila kusomwa. Huyo amejitoa.

Kusambaza tangazo ni jambo jema, na kuna wanyama waliorudi kwao kwa njia hiyo. Liite kusambaza tangazo. Siku utakapoliambia kundi "zamu ya Jumanne usiku niachieni mimi", ukaishika Jumanne hiyo na inayofuata, hapo sema umejitolea kwa mbali. Na hilo "tu" liache.