Kuta za Rostov hazikujengwa kwa ajili ya vita

Rostov, mji wa kale kando ya ziwa Nero nchini Urusi (si ule mkubwa wa mto Don), hujulikana kwa kuta zake nyeupe na minara ya duara. Kwa muda mrefu watu wamesimuliana kwamba hii ilikuwa ngome ya kuzuia maadui. Sivyo.

Yalikuwa makazi ya kiongozi wa kanisa. Metropolitani Iona Sysoevich aliyajenga hasa kati ya miaka ya 1670 na 1683, wakati mji haukuwa tena mpakani mwa vita. Tazama malango: yana madirisha mapana yenye nakshi, na juu yake kuna makanisa. Nani angemwachia adui dirisha kubwa namna hiyo? Hata kanisa kuu limebaki nje ya kuta, pamoja na mnara wa kengele wenye kengele ya tani 32 hivi, ambayo Iona aliipa jina la baba yake, Sysoy.

Ulinzi halisi ulikuwa boma la udongo lililozunguka mji tangu miaka ya 1630. Halivutii macho, ndiyo maana wageni hulipita bila kuligundua.