Replika si jina la heshima la feki

Pita kwenye kurasa za wauza raba mtandaoni, wa Kariakoo au wa Nairobi, utakutana na sentensi hii: "Hizi si feki, ni replika." Mteja anashusha pumzi, anauliza bei, biashara inaendelea. Wengine wanaongeza chumvi: replika kali, replika daraja la kwanza. Nilivumilia yote hayo mpaka nikaona mtu ananadi Air Jordan 11, zile za filamu ya Space Jam, kwa maneno "replika orijino". Hapo nikaona acha niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Replika, kwa maana yake kali, ni nakala iliyotengenezwa na mkono uleule uliotengeneza kitu cha kwanza, au iliyotengenezwa kwa ruhusa na vipimo vya mwenye mkono huo. Maana pana, inayotumika sana kwenye makumbusho, ni nakala sahihi ya kitu isiyoficha kwamba ni nakala. Feki ni nakala inayotaka uamini kuwa si nakala. Kopi ni jina la ukoo mzima: replika ni kopi, feki nayo ni kopi. Kinachotenganisha replika na feki ni nani kaitengeneza na anakwambia nini kuihusu. Ubora haumo. Ipo feki iliyoshonwa vizuri na ipo replika mbovu.

Neno limetoka Kilatini. Plicare ni kukunja, na replicare ni kukunja tena, kurudi juu ya kitu, kurudia. Warumi walilipeleka mpaka mahakamani likawa na maana ya kujibu hoja ya mwenzako. Waitaliano wakalirithi, na hata leo tamthilia ikioneshwa tena jukwaani, au kipindi kikirudiwa kwenye televisheni, kwao hiyo ni replica. Wasomaji wa Goma na Bukavu wanaojua Kifaransa wanalo neno hilohilo kwa sura nyingine: kwao ni jibu kali la mtu anayejibizana, na pia ni mtetemo unaofuata baada ya tetemeko kubwa. Angalia maana zote hizo zinavyoshikana. Anayerudia onyesho ni kundi lilelile. Mtetemo wa pili unatoka kwenye ardhi ileile. Hakuna hata moja ambapo mtu baki anakuja kujifanya ni yule wa kwanza.

Wachoraji ndio waliolipa neno matumizi yanayotuhusu hapa. Mfano ninaoupenda ni wa Gilbert Stuart, Mmarekani aliyemchora George Washington mwaka 1796. Picha ile aliiacha makusudi bila kuimaliza, akabaki nayo mwenyewe ili awe anachora nyingine kutoka kwayo. Alichora makumi. Kila moja aliuza dola 100, mpaka akawa anaziita kwa utani noti zake za dola mia. Sura hiyohiyo ndiyo iliyopo kwenye noti ya dola moja mpaka leo. Zile alizouza ni replika bila ubishi wowote: mchoraji yuleyule, kazi ileile, na mnunuzi alijua kuwa ya kwanza imebaki kwa fundi. Mtu mwingine angechora ya kwake akaweka saini ya Stuart, hiyo ingekuwa feki, hata kama brashi yake ingekuwa nzuri kuliko ya Stuart.

Sasa turudi kwenye viatu, na hasa viatu vya filamu, kwa sababu huko ndiko neno linakoteswa zaidi. Sababu iko wazi: kiatu cha filamu chenyewe ni kitu cha maigizo, kwa hiyo hata hicho tunachokiita orijino kina vituko vyake.

Chukua viatu vyekundu, maarufu kama viatu vya rubi, vya msichana Dorothy kwenye filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Katika kitabu cha L. Frank Baum, kilichotoka mwaka 1900, viatu hivyo ni vya fedha. MGM, kampuni iliyotengeneza filamu, ndio waliovigeuza vyekundu, wapate kuonyesha rangi za Technicolor, teknolojia ya filamu za rangi. Mbunifu wao wa maleba, Adrian, hakuchimba rubi popote. Vilichukuliwa viatu vya kawaida vya kisigino, kutoka kampuni ya Innes ya Los Angeles, vikatiwa rangi nyekundu na kufunikwa kwa wavu uliosheheni vipande vidogo vya jelatini vinavyometameta, zaidi ya 2,000 kwa kila kiatu. Na havikuwa jozi moja. Filamu inahitaji jozi za kuchezea, jozi za kupigwa picha karibu, jozi za akiba. Jozi nne zilizotumika zinajulikana kuwepo hadi leo. Iliyo maarufu kuliko zote, iliyo kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington tangu 1979, hata jozi kamili si jozi: kushoto na kulia havifanani sawasawa, na mapacha wao wanaostahili wamo kwenye jozi nyingine.

Jozi hiyo nyingine ina kisa. Iliibwa mwaka 2005 kutoka makumbusho ya Judy Garland, aliyemwigiza Dorothy, mjini Grand Rapids, Minnesota, alikozaliwa mwigizaji huyo. FBI waliipata mwaka 2018. Kesi ilipofika mahakamani ikajulikana kwamba mwizi, mzee aliyekwisha kuacha kazi hiyo, alidhani vito vile ni rubi za kweli. Mpokea mali ya wizi alipomwambia si rubi, akaachana navyo. Desemba 2024 viatu hivyohivyo vilinadiwa vikafika dola milioni 32.5 pamoja na ada za mnada. Alichoiba kilikuwa orijino kwa asilimia mia, na kila kito juu yake kilikuwa bandia.

Charlie Chaplin alienda mbali zaidi. Kwenye The Gold Rush ya 1925 anachemsha kiatu chake kwa njaa na kukila, kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi. Kiatu kile kilitengenezwa kwa pipi ya urukususu. Orijino iliishia tumboni.

Halafu kuna Nike Mag, na hapa naomba utulivu, maana ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye Back to the Future Part II, filamu ya 1989, kijana anasafiri kwenye wakati hadi mwaka 2015 na kuvaa raba zinazojifunga kamba zenyewe. Mbunifu wa raba hizo ni Tinker Hatfield wa Nike. Hazikujifunga chochote. Mafundi walikuwa wamejificha chini ya jukwaa wakivuta nyaya. Mwaka 2011 Nike walitoa jozi 1,500, wakazipiga mnada kuchangia utafiti wa ugonjwa wa Parkinson kupitia taasisi ya Michael J. Fox, mwigizaji mwenyewe wa filamu ile. Ziliwaka taa, lakini kamba bado ulifunga kwa mkono. Mwaka 2016 zikaja jozi 89 zinazojifunga kweli. Kwa hiyo kiatu cha filamu kilijifanya tu, na replika yake ndiyo iliyoifanya kazi. Hakuna feki duniani yenye historia ya namna hiyo, na ndiyo maana sikubali replika iwe kivuli cha feki.

Hatfield huyohuyo ndiye aliyebuni Air Jordan 4, ile iliyochafuliwa na gurudumu la baiskeli kwenye Do the Right Thing ya 1989, na Air Jordan 11 aliyovaa Michael Jordan kwenye Space Jam mwaka 1996. Jordan 11 za rangi ile ya filamu zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 2000, zikarudishwa sokoni 2009, zikarudi tena 2016. Kampuni ileile, umbo lilelile, na kila mtu anajua kuwa si zile zilizokuwa mbele ya kamera. Sasa tumia maana niliyoitoa juu. Hizo za dukani, zenye risiti, ambazo mtaani mnaziita orijino, ndizo replika. Zile zilizotoka kiwanda asichokijua hata muuzaji, zenye nembo ya mtu mwingine, ambazo mnaziita replika, zina jina lake tayari. Sheria za Tanzania na Kenya zinaziita bidhaa bandia, na kubandika neno la Kitaliano juu ya boksi hakuzibadilishi.

Nakiri neno "bandia" nalo tunalionea. Mtoto wa bandia hamdanganyi mtoto anayembeba, na meno ya bandia ni msaada mtupu. Lakini bidhaa bandia yenye nembo ya kuibwa ni kitu kingine, na kila mfanyabiashara anaujua mpaka huo vizuri sana. Asingeujua, asingehangaika kutafuta neno la kuuvukia.

Kwa nini watu wanavitaka viatu hivi miaka nenda rudi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kiatu ndicho kipande pekee cha maleba unachoweza kutoka nacho nyumbani bila majirani kukuulizia afya yako. Mwaka 2003, kwenye Kill Bill, Uma Thurman alivaa suti ya njano yenye mstari mweusi, heshima kwa Bruce Lee, na raba za Onitsuka Tiger za rangi hizohizo. Jaribu kupanda daladala na suti ile. Raba za njano zinapita bila neno, na anayejua atajua. Ndivyo zilivyo pia Converse nyeusi alizofanyia mazoezi bondia Rocky kwenye filamu ya jina lake ya mwaka 1976: zilikuwa raba za kawaida tu, za mtu asiye na hela, na huo ndio ulikuwa utamu wake. Wala kununua si lazima. Raj Kapoor, mwigizaji wa India ambaye filamu zake zilijaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, alitembea barabarani kwenye Shree 420 ya mwaka 1955 akiimba kwamba viatu vyake ni vya Kijapani. Viatu vyenyewe vilikuwa vimechanika. Hakuna aliyeuza kopi yake, na bado wapo wazee wanaouimba wimbo ule.

Mtumba nao unachanganya mambo kwa namna inayonifurahisha. Karume au Gikomba unaweza kuokota Jordan iliyochoka, soli imeanza kuliwa upande mmoja, na ikawa imetoka kwa Nike wenyewe, wakati ile inayong'aa kwenye kioo cha duka jirani haijawahi kufika karibu na Nike. Kama ni toleo la filamu lililorudishwa sokoni, basi replika halisi iko chini kwenye turubai, na feki iko juu kwenye rafu na taa yake.

Simkatazi mtu biashara, wala simcheki anayevaa kopi. Hela ni yako na miguu ni yako. Ila ndugu muuzaji, andika "kopi". Ni neno fupi, kila mteja analielewa, na wengi watanunua vilevile kwa sababu walishajua tangu walipoiona bei. Nawe mnunuzi, ukiambiwa ni replika, usiulize kama ni kali. Uliza imetengenezwa na nani. Akikutajia mwenye kiatu, au mtu aliyepewa ruhusa na mwenye kiatu, sawa, mpe neno lake. Akianza kukuonyesha jinsi soli inavyokunjika bila kukatika, hapo bado hajakujibu.